Nyota wa Redio: Muziki wa Morogoro na Nguvu ya Picha

Wahenga walisema: kusikia si kuona. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya mtu asiamini uvumi mpaka ameshuhudia kwa macho yake mwenyewe. Lakini ina maana nyingine, ambayo yafaa wapenda muziki waitafakari. Kusikia ni kazi moja na kuona ni kazi nyingine; na yule anayesikia bila kuona hulazimika kujichorea moyoni kile ambacho macho yake yamenyimwa. Katika insha hii tutajaribu kuonyesha jinsi kazi hiyo ya kujichorea ilivyoukuza muziki wa dansi wa Morogoro, na jinsi picha zilizofika baadaye, kwa njia ya televisheni na intaneti, zilivyoibadili. Tutafanya hivyo kwa kumweka nyota mmoja wa redio wa hapa kwetu kando ya video moja mashuhuri ya Uingereza, na kwa kuyapima mafundisho ya wataalamu wa vyombo vya habari kwa mizani ya historia yetu wenyewe.

Mambo mawili ya mwaka 1979

Mwezi Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, mwimbaji na mpiga gitaa aliyevuma kuliko wote waliotokea katika bendi za Morogoro, alifariki dunia kwa ajali ya gari huko Mombasa, Kenya. Alikuwa na umri wa miaka 34. Mwezi Septemba mwaka huo huo, kikundi cha Uingereza kiitwacho The Buggles kilitoa wimbo wenye jina Video Killed the Radio Star, yaani video imemwua nyota wa redio. Wimbo huo unamkumbuka mwimbaji wa zamani aliyependwa sana redioni, ambaye zama za picha zimemwacha nyuma.

Baina ya mambo haya mawili hapana uhusiano wowote. Waingereza wale hawakuwa wakimfikiria mtu wa Morogoro. Hata hivyo tukiyaweka pamoja tunapata swali lenye maana kwa utamaduni wetu: je, nyota wetu wa redio naye aliuawa na video?

Ili tujibu swali hilo yafaa kwanza tuitazame video yenyewe. Mwongozaji wake alikuwa Russell Mulcahy kutoka Australia. Tarehe 1 Agosti 1981, stesheni ya MTV ya Marekani, iliyoanzishwa kwa ajili ya kuonyesha video za muziki, ilifungua matangazo yake kwa video hii. Ndani yake twamwona msichana mdogo ameketi mbele ya redio ya zamani. Twamwona mwimbaji Trevor Horn akiimba mbele ya kipaza sauti cha kizamani. Kisha redio inalipuka. Baadaye tunaingizwa katika zama zijazo, ambamo mwanamke aliyevaa mavazi ya rangi ya fedha amewekwa ndani ya bomba kubwa linaloonyesha kama kioo, na televisheni zimewekwa mbele ya macho yetu.

Mwaka 1992 mtaalamu mmoja, Andrew Goodwin, alitoa kitabu juu ya muziki wa televisheni, nacho kinatupa kipimo kinachofaa hata kwa mwanafunzi wa sekondari. Alisema kwamba picha huweza kuwa na uhusiano wa namna tatu na wimbo wake. Ya kwanza ni kufuatisha: picha inaonyesha yale yale yanayosemwa na maneno. Ya pili ni kukuza: picha inaongeza maana ambayo haimo katika maneno. Ya tatu ni kuachana: picha inakwenda njia yake, na maneno njia yake.

Katika video hii namna zote tatu zimo. Redio inapolipuka, picha inafuatisha neno la kuua. Bomba na mavazi ya fedha vinakuza, kwani maneno hayakutuambia kwamba zama zijazo zitafanana na maabara. Lakini jambo kubwa zaidi ni la tatu. Maneno yanaomboleza, ilhali macho yanakaribishwa kushangilia. Video inaililia redio kama vile mrithi anayelia matangani huku akizihesabu mali za marehemu. Asiyeitazama kwa makini atadhani ameombolezewa, kumbe ameuziwa televisheni.

Mji kasoro bahari

Turudi sasa Morogoro. Mji huu uko yapata kilomita 190 magharibi ya Dar es Salaam, chini ya kilele cha Lupanga katika milima ya Uluguru. Watu wake huuita kwa mzaha mji kasoro bahari, yaani una kila kitu ila bahari tu. Reli kutoka Dar es Salaam iliufikia mwaka 1907. Mashamba ya katani yalileta vibarua wa makabila mengi, wakaishi karibu na Waluguru waliokuwa na ngoma zao milimani. Mshahara wa mwisho wa mwezi, stesheni ya reli, na watu waliotoka mbali wasio na ngoma moja ya pamoja: hayo ndiyo yaliyoupa mji huu haja ya dansi.

Morogoro Jazz Band ilianzishwa mwaka 1944. Mwaka 1948 kijana wa mji, Salum Abdallah, alianzisha bendi yake iliyokuja kujulikana kwa jina la Cuban Marimba. Jina hilo linastahili kuchunguzwa. Tangu miaka ya 1930 santuri za muziki wa Kuba, zenye alama ya GV, zilikuwa zikiuzwa Afrika, nazo zilipigwa kwa gramafoni za mkono katika miji yetu. Vijana waliozisikia hawakuwa wameiona Kuba. Hawakujua mpigaji amesimama vipi, mchezaji ameinua mguu gani, wala ukumbi unafanana na nini. Walikuwa na sauti tu. Basi wakajaza wenyewe yaliyopungua: wakaweka maneno ya Kiswahili, wakaweka miguu yao, wakaweka mambo ya mitaa yao.

Tunaomba msomaji alishike jambo hili, maana hoja yetu imesimama juu yake. Lau sauti ile ya Kuba ingalifika pamoja na picha yake kamili, yamkini vijana wa Morogoro wangaliiga zaidi na kubuni kidogo. Upungufu wa picha haukuwa ufukara mtupu. Uliwaachia nafasi, na katika nafasi ile wakapanda chao. Salum Abdallah alifariki mwaka 1965, naye pia kwa ajali ya gari, lakini alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba muziki wa Kiswahili wa mji wa bara unaweza kusikilizwa Afrika Mashariki nzima.

Sauti iliyosafiri peke yake

Mbaraka Mwinshehe alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha na kuunda Super Volcano. Kwa hiyo umri wake wote wa usanii ulikuwa ndani ya zama za redio. Matangazo ya Sauti ya Dar es Salaam yalianza mwaka 1951, na tangu mwaka 1965 chombo hicho kiliitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi zilikwenda studioni kwake, nyimbo zikanaswa katika mikanda, na mikanda ikapigwa hewani.

Televisheni hapakuwapo. Zanzibar ilianza yake mwaka 1973, tena ya rangi, lakini kwa Tanzania Bara serikali ya wakati ule iliiona kuwa ni anasa ambayo nchi maskini haina budi kuisubirisha. Hivyo, wengi wa wasikilizaji wa Mbaraka hawakuwahi kumwona akipiga gitaa. Walimjua kwa sauti yake, na kwa jinsi gitaa lake lilivyokuwa likijibizana na maneno yake.

Njia nyingine ilikuwa santuri, ambazo kwa sehemu kubwa zilifyatuliwa Nairobi. Santuri ndogo, ile izungukayo mara 45 kwa dakika, upande wake mmoja ulibeba dakika chache tu. Kwa sababu hiyo nyimbo nyingi za dansi ziligawanywa sehemu mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, ambamo magitaa na ala za kupuliza huachiwa wachezaji. Ilimpasa mtu ainuke, aigeuze santuri, na kuishusha tena sindano. Chombo kilimtaka msikilizaji atumie mkono wake ili wimbo ukamilike.

Sasa chukua wimbo kama Mtaa wa Saba, uliorekodiwa na Mbaraka pamoja na Morogoro Jazz. Kila mji una mitaa. Msikilizaji wa Tabora aliuona mtaa wa Tabora, na msikilizaji wa Tanga aliuona wa Tanga. Wimbo ulikuwa mmoja, na mitaa ilikuwa mingi kama watu waliousikiliza. Hakuna mpiga picha angeweza kuwaridhisha wote kwa mara moja.

Kumpima mtaalamu

Mtaalamu aliyewahi kusikika kuliko wote katika mambo haya ni Marshall McLuhan wa Kanada, aliyetoa kitabu chake Understanding Media mwaka 1964. Mafundisho yake makubwa ni kwamba chombo chenyewe ndicho ujumbe: kinachoibadili jamii si hasa yale yanayosemwa ndani ya chombo, bali namna chombo kinavyozipanga hisi na mazoea ya watu. Tumekwisha kuona ukweli wa jambo hilo katika santuri yenye pande mbili. Umbo la chombo ndilo lililougawa wimbo.

Lakini McLuhan aliendelea, akavigawa vyombo kuwa vya moto na vya baridi. Chombo cha moto hujaza hisi moja kwa taarifa nyingi, na kumwachia mtu nafasi ndogo ya kushiriki. Chombo cha baridi hutoa kidogo, na mtu hulazimika kuyajaza yaliyobaki. Redio aliiweka katika vyombo vya moto, na televisheni katika vile vya baridi.

Hapa hatuna budi kusimama na kuuliza: ni redio ya wapi hiyo? Redio tuliyoijua sisi ilikuwa moja kwa nyumba nyingi. Betri zake zilipochoka zilianikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Mawimbi yalipanda na kushuka. Neno likipotea, wasikilizaji walibishana limesema nini. Na zaidi ya hayo, palikuwa na vipindi vya salamu. Mtu aliandika kadi, akataja ndugu na marafiki zake, akachagua wimbo, kisha akasubiri siku nyingi asikie jina lake likisomwa. Chombo kinachotoa kidogo hivi, na kudai mengi hivi kutoka kwa msikilizaji, kwa kipimo cha McLuhan mwenyewe ni chombo cha baridi. Hatusemi kwamba mtaalamu yule alikuwa mjinga. Tunasema kwamba aliipima redio ya nchi yake, kisha akaiita redio ya dunia. Mwanafunzi wetu na ajifunze kutoka kwake namna ya kuuliza. Majibu itampasa ayatafute huku huku kwetu.

Haifai, hata hivyo, tuzisifu zama zile kupita kiasi. Redio ilificha pia. Ilitutangazia jina la bendi na la mwimbaji mkuu. Lakini aliyepiga gitaa la pili, aliyepuliza saksafoni, na aliyeshika besi, mara nyingi walibaki bila jina na bila sura. Wanawake waliozijaza kumbi, ambao nyimbo nyingi ziliwahusu, hawakuwa na njia ya kujibu. Na stesheni ilikuwa moja tu. Wimbo usiopita katika mlango wake haukusikika hewani. Aliyefichwa na redio hakupata faida yoyote kutokana na uzuri wa kujichorea.

Picha zinafika

Televisheni za Tanzania Bara zilianza mwaka 1994, ITV ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Kwa muda mfupi hali ya msanii ikabadilika. Muziki wa kizazi kipya ulipokua, wimbo usio na video ulihesabiwa kuwa nusu ya wimbo. Morogoro ilitoa wasanii wake katika zama hizo pia, kama vile Afande Sele, aliyesifiwa kwa uzito wa maneno. Lakini kamera, wahariri na stesheni vilikuwa zaidi Dar es Salaam, na picha hufuata palipo na kamera. Ndiyo maana nyimbo za vijana wa mikoani zimevikwa mara nyingi ghorofa, magari na fukwe za pwani. Mji kasoro bahari ukapewa bahari, lakini ni bahari ya kuazima.

Macho hayana pazia, wasema Waswahili. Tukishakuionyeshwa picha hatuwezi kuikataa kwa urahisi. Mtu aliyeusikia wimbo kwanza na kujichorea mtaa wake, siku akiiona video, mtaa ule wake hufifia. Ukiusikia tena wimbo, picha inayokuja kichwani ni ile ya mwongozaji. Basi kama wapo wanaopaswa kulalamika kwamba video inaua, si nyota wa redio, bali ni mchoraji aliyekuwa ndani ya kila msikilizaji.

Na Mbaraka je? Leo mwanafunzi akiutafuta wimbo wa Shida katika intaneti ataupata, nao utakuja kwa sura ya video, maana mitandao ya namna hiyo haipokei sauti isiyo na picha. Lakini Mbaraka hakuacha video. Basi wapenzi wake huweka picha moja ya mnato: labda uso wake, labda jalada la santuri. Sauti inakwenda, picha imetulia.

Tukiipima video ya namna hiyo kwa kipimo cha Goodwin tunaona kwamba haifuatishi, haikuzi, wala haiachani na maneno. Inangoja tu. Imerudisha kwa msikilizaji ile kazi ya kujichorea. Kwa umbo ni video, lakini kwa tabia ni redio. McLuhan alisema pia kwamba ndani ya kila chombo kipya huishi chombo cha zamani, na hapa maneno yake yametimia barabara: ndani ya intaneti imo video, ndani ya video imo santuri, ndani ya santuri imo bendi iliyowapigia watu wa Morogoro dansi.

Mwaka 1936 Mjerumani Walter Benjamin aliandika kwamba sanaa inaponakiliwa kwa mashine hupoteza ule uwepo wake wa pekee, wa kuwa mahali pamoja kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba ukumbi hauwezi kunakiliwa. Lakini tusikilize kwa makini. Katika nakala nyingi hizi tunasikia mchakarisho wa sindano. Huo ni mkwaruzo wa santuri fulani, iliyokuwa ya mtu fulani, aliyeipiga mara nyingi mpaka ikachakaa. Mashine imepoteza uwepo wa bendi, lakini imehifadhi uwepo wa msikilizaji.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili: hapa kwetu video haikumwua nyota wa redio. Ajali ya barabarani ndiyo iliyomwua Mbaraka, na video ndiyo inayombeba. Aliyemo hatarini ni mwingine. Picha nyingi zilizoambatishwa na nyimbo hizi hazina maelezo: hazisemi zilipigwa wapi, mwaka gani, na waliosimama kando ya mwimbaji ni akina nani. Picha isiyo na maelezo ikirudiwa mara nyingi hugeuka kuwa historia, na kosa lake huwa kosa la taifa. Wale wale ambao redio haikuwataja, sasa picha inawaonyesha bila kuwataja. Wamepotezwa mara mbili.

Kazi ya darasani

Tunawashauri walimu wa Kiswahili na wa historia wajaribu zoezi hili. Wanafunzi wausikilize kwanza wimbo mmoja wa zamani bila picha yoyote, na kila mmoja aandike alichokiona moyoni. Kisha wasomeane. Watashangaa kuona jinsi walivyotofautiana, na hapo ndipo watakapoelewa msikilizaji wa mwaka 1970 alikuwa akifanya nini. Baada ya hapo waitazame video moja ya siku hizi na waipime: wapi inafuatisha, wapi inakuza, wapi inaachana na maneno, na nani amefaidika na kuachana huko. Tumezoea kumfundisha mwanafunzi kulichambua shairi, mizani na vina, dhahiri na fumbo. Video nayo ina dhahiri yake na fumbo lake, na kijana anayetazama video nyingi kuliko mashairi anahitaji silaha ile ile.

Kwa wanafunzi wa Morogoro liko jambo la ziada. Mikanda ya Radio Tanzania ilirithiwa na shirika la utangazaji la taifa, na sauti zimo ndani yake. Majina ya waliopiga ala, na ya waliocheza, hayamo katika mikanda. Yamo vichwani mwa wazee wa mji na wa vijiji vya milimani. Achukue mwanafunzi simu yake, aende kwa babu au bibi aliyewahi kucheza dansi miaka ile, amwonyeshe picha moja ya bendi, amwulize: huyu wa kushoto ni nani? Kisha aandike jina hilo nyuma ya picha, na mwaka, na mahali.